Leo Msikiti Wetu Umegeuka

Jamaa zangu wa Jibondo, leo msikiti wetu hapa Chole umegeuka, na kuta ziko palepale! Ukishasoma karatasi hii, mpe mwenzako.

Mnawajua walimu wawili wa chuo chetu cha Kurani, Mwalimu Haji na Mwalimu Mbwana. Siku tatu wamesimamisha kijiti uani, wanapima kivuli cha mchana na kufunua vitabu, waijue kibla, upande wa Makka, hasa iko wapi.

Mimi niliyeacha chuo juzuu ya pili (kwa hiari yangu, msicheke) nikawapitia: "Shikamooni walimu! Hicho kivuli mtakipika lini?"

Leo adhuhuri wakapata jibu. Mihrabu, pale imamu anaposimama kuelekea kibla, imepinda kushoto.

Na mihrabu ile aliijenga marehemu baba yake Mwalimu Haji, kwa mikono yake.

Watu wakamkodolea macho Mwalimu Haji. Hata mimi!

Mwalimu Mbwana akamnong'oneza, "Sheikh, tupime tena kesho."

"Tumeshapima mara tatu."

"Na mzee, je?"

"Mzee alijitahidi kwa alichokijua. Sala zake zimepokewa, inshallah. Mimi nimeshajua, sina udhuru."

Mwalimu Haji akaingia msikitini, akasimama mbele yetu, akageuka kulia. Mihrabu ya baba yake ikabaki begani kwake. Akatoa takbira, "Allahu Akbar!"

Wallahi, nywele zilinisimama. Safu nzima tukageuka naye.

Haya, nyinyi hodari wa maneno: nani kati yenu angeikosoa kazi ya baba yake mbele ya mji mzima?