Siku Chati Zangu Zilipowaita Watu na Ndoo

Naona aibu kuieleza hii, na hadi leo nikifika Himo nikaiona barabara ya kupanda kule kwetu mlimani nageuza uso upande wa pili kama vile kuna mtu namkwepa, lakini kwa kuwa nyie ni watu wangu, na najua wengine mmeshaisikia ikiwa imetiwa chumvi, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua, natengeneza programu za kompyuta, nina chumba changu pale Moshi mjini juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Sasa chama cha wafugaji wa kule kwetu, ambacho mama yangu ni mwanachama, kina matangi sita ya kupoozea maziwa, kila kijiji na tangi lake, na walitaka programu ya kuwaonyesha kwenye skrini joto la kila tangi linavyobadilika papo hapo, kwa chati. Walioiomba kazi hiyo walikuwa wengi. Nikaipata mimi kwa sababu mama alisimama kwenye mkutano wa wanachama (mama yangu, ambaye hata kanisani hukaa benchi la nyuma ili asiombwe kusoma neno) akasema, "Huyu mwanangu namjua. Akitengeneza mashine, haitasema uongo." Kwa hiyo nikiboronga, sijajiaibisha peke yangu.

Programu ya mwanzo ilikuwa nzuri, nasema kweli. Chati moja kwa wakati mmoja, unabonyeza jina la kijiji, unaona tangi lake. Siku chache kabla mnunuzi mkubwa wa maziwa hajaja kutukagua kutoka Arusha, mwenyekiti wetu Mzee Kimaro akapita kuiona. Nikamwamkia, akaitika, akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mbona naona kijiji kimoja tu?"

"Ukibonyeza hapa mzee, unaona kingine."

"Na hao wengine watakuwa wapi wakati mgeni anaangalia? Nyuma ya pazia? Watasema tumewadharau."

Akataka vijiji vyote vionekane pamoja, vikubwa sawasawa. Kesho yake mjumbe mmoja akataka na kiasi cha maziwa kwenye kila tangi, mwingine akataka na umeme wa kila mtambo wa kupoozea, na mimi mtu nimetoka kumwamkia shikamoo sasa hivi nitamwambiaje haiwezekani? Nikawa naitika tu, ndiyo mzee, sawa mzee, hadi skrini ikajaa chati kumi na nane zimebanana kama nguo za watoto kwenye kamba.

Basi chati zikaanza kwenda kwa kushtukashtuka. Haikuwa ajabu, maana programu yangu ilikuwa haitupi kitu: kila kipimo kipya kikiingia inachora upya mstari mzima tangu alfajiri, chati zote, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Dawa yake niliijua. Unaacha vipimo vya zamani, unachora mara chache, jicho la binadamu wala halioni tofauti. Lakini hiyo ilitaka siku mbili tatu, na mnunuzi anakuja kesho, kwa hiyo nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa: vipimo nikavipanga foleni, kila kimoja kisubiri zamu yake ya kuchorwa. Nikajaribu kidogo, mistari ikateleza laini kabisa, nikajipongeza.

Siku yenyewe ukumbi wa chama, ulio ukuta mmoja na tangi la kijiji chetu, ulijaa. Programu ilikuwa imewashwa tangu maziwa ya alfajiri yalipoingia. Mnunuzi, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, alikaa mbele, na gari lake la maziwa lilikuwa nje linasubiri kupakia, maana akiridhika angechukua maziwa ya chama chote, kila siku. Nikasimama nikaeleza kwa madaha, "Mnachokiona hapa ni sasa hivi, dakika hii hii." Makofi! Mama yangu hakuwepo, alikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa, na nilisikitika kwamba hanioni. (Subirini.)

Mnunuzi akasema taratibu, "Vizuri. Hebu chomoa kipimajoto kwenye tangi la hapa, ukichovye kwenye chai yangu hii."

Nikachovya. Chai ilikuwa inafuka moshi, na mstari kwenye skrini ukabaki palepale, umenyooka. Nikasubiri. Watu wakasubiri.

"Ni mtandao," nikasema. Tangi la hapo halikuhitaji mtandao wowote, kipimajoto kimefungwa kwenye kompyuta kwa waya mrefu na waya wenyewe nimeushika mkononi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mistari ilikuwa laini, ndiyo, lakini ilikuwa bado inachora mambo ya dakika kadhaa nyuma. Kompyuta ilishindwa kuchora haraka kama vipimo vilivyoingia, foleni ikawa inarefuka, na chai ya mnunuzi ilikuwa imesimama nyuma kabisa ikingoja zamu. Na tena kulikuwa na king'ora. Programu ikiona tangi limepata joto, inapiga king'ora na kutuma meseji kwa wanachama, kwa sababu desturi ya chama tangu zamani ni kwamba tangi likipata joto kila mtu aje haraka achukue maziwa yake akagandishe mtindi nyumbani, kuliko yamwagwe. Na meseji inakwenda kwa vijiji vyote bila kutaja tangi (Mzee Kimaro tena, hakutaka kijiji kisikie habari baada ya kingine). Kwa hiyo chai ilikuwa inakuja, na mimi sijui itafika saa ngapi.

Nikakisuuza kipimajoto nikakirudisha tangini, nikakimbilia kompyuta nikabonyeza kufunga. Haifungi. Nikabonyeza tena na tena, kumbe na kubonyeza kwangu nako kunangoja zamu. Imebaki kuchomoa waya wa umeme, na soketi iko chini ya meza kuu, nyuma ya miguu ya Mzee Kimaro, ambaye wakati huohuo alisimama akasema mashine nayo ipumzike, tuombee chakula, mtori unapoa.

Watu wote wakafumba macho. Nikapiga magoti, nikaanza kutambaa. Mzee akaombea mvua, akaombea kahawa, akaombea safari ya mgeni wetu, na mimi niko chini ya kitambaa cha meza nanyoosha mkono katikati ya viatu vya viongozi, nasema moyoni Bwana Yesu, azidi kuomba, asimalize. Vidole vikagusa waya. King'ora kikalia.

Mzee Kimaro aliruka, akanikanyaga mkono. Nilipotoka chini ya meza, nywele zimejaa vumbi, kila simu ukumbini ilikuwa inalia: TANGI LIMEPATA JOTO. NJOONI MCHUKUE MAZIWA. Nikapaza sauti, "Maziwa ni mazima! Ni chai! Ni chai tu!" Mnunuzi akanitazama akavua miwani.

Tukadhani tutawatuliza. Wapi! Meseji ilishapanda mlima kabla yetu. Watu wakaanza kuteremka kutoka vihambani, kwenye mashamba yao ya migomba, na ndoo, na madumu, na masufuria ya kuazima, wakapanga mstari mlangoni, na kila tulivyosema maziwa yako salama ndivyo walivyozidi kuamini tunawaficha jambo. Mnunuzi alisimama kando ya gari lake akiyaona maziwa aliyokuja kuyafuata yanaondoka vichwani mwa watu.

"Nitawapigia," akamwambia Mzee Kimaro, akaondoka na gari lake tupu.

Ndipo nikamwona mama kwenye mstari, kanga kiunoni, ndoo mkononi, anahema. Nikamkimbilia. "Mama, na wewe? Rudi nyumbani, maziwa hayana kitu!"

"Mashine yako imesema yana joto."

"Mashine imekosea, mama."

Akasema polepole, bila hasira, "Nimemwacha ng'ombe na uchungu, mwanangu. Nilisema mbele za watu kwamba mashine yako haisemi uongo. Sasa ikiniita nisije?"

Nikaichukua ndoo nikamjazia mwenyewe, nikambebea hadi nyumbani. Ndama tulimkuta ameshazaliwa, mzima, namshukuru Mungu kwa hilo.

Programu niliitengeneza upya, bure, kama nilivyopaswa kuitengeneza tangu mwanzo, na mnunuzi alipiga simu baada ya wiki nyingi za kunikosesha chakula, sasa anachukua maziwa ya vijiji viwili, vingine anasema tusubiri. Siku hizi kabla sijamkabidhi mtu programu naiacha ifanye kazi tangu asubuhi hadi jioni, kisha naomba kikombe cha chai ya moto, na wenyeji wanadhani napenda chai. Lakini kinachonitia hofu hasa si mnunuzi. Mzee Kimaro aliniambia kwamba mwezi uliopita umeme ulikatika, tangi likapata joto kweli, meseji ikaenda, na wanachama wengi walipiga simu kwanza kuuliza kama ni kweli au ni chai. Mama yangu alishafika na ndoo yake.