Samaki Niliowaandika Wazima

Usiku ule nililala na hasira hadi meno yanauma. Wiki nzima nilikuwa nazika perege wangu wa bwawani kule mgombani, matumbo yamevimba, macho yamewatoka, na mwanangu mgongoni analia kwa jua. Mchana alikuja Rehema, mtafiti kijana wa chuo cha uvuvi. Alikuwa anazunguka mabwawa ya kata yetu kuulizia magonjwa, aandike kwenye jarida la afya ya samaki. Nikamjibu nikiwa nimesimama mlangoni, "Hapa wazima wote, dada. Nenda kwa aliyeniuzia vifaranga vya samaki, yule muuaji." Na huyo naye, nilishasikia, alimwambia wake wazima. Mimi nilikuwa nimemwahidi jirani yangu Mama Neema vifaranga vya bwawa langu la pili, achukue Jumamosi. Sikutaka maneno.

Usingizini nikajikuta maabara ya shule yetu ya zamani, asubuhi, madirisha wazi, ile harufu ya spiriti na moshi wa jikoni. Nimevaa sketi ya shule na mwanangu nimembeba, wala hakuna anayeshangaa. Mbele amesimama Madam Komba, aliyenifundisha baiolojia, tuliyemzika mwaka juzi. Amekunja mikono ya blauzi kama zamani, anafunua matamvua ya perege.

Jamani, nilivyompenda yule mama! Kila jarida lililomfikia, chakavu, limeshapita kwa watu watano, alitusomea kwa Kiswahili, taratibu, kama barua ya ndugu aliye mbali. Samaki wameugua huko Misri, mtu kahesabu, kapasua, kaandika. Na sisi wasichana wa Ruvuma, juu ya stuli zinazoyumba, tunajua tutazame nini. "Kuna mtu alipoteza bwawa zima ili wewe ujue hili," alikuwa akisema. "Acha kutafuna kucha, Zuhura, sikiliza."

Naye akaandika makala yake, kuhusu bwawa la shule. Siku anaituma tulipiga makofi. Ikarudi. Wahariri waliuliza: mliweka samaki wengi, mmevua wachache, na daftari linasema hakuna aliyekufa, wamekwenda wapi? Alilitazama daftari lile kipindi kizima. Hakumpiga mtu, hakuuliza. Zamu ya bwawa ilikuwa yangu. Waliokufa niliwatupia paka, nikaandika "wazima", nisije nikapewa adhabu ya kufagia uwanja. Makala ile haikutoka mpaka anaingia kaburini.

Sasa ananisogelea, na maabara haipo tena. Tuko kwenye tuta la bwawa langu, viatu vyake vya kazini vimezama kwenye tope. Ameshika jarida. Anafunua kurasa, naona vijiji vya watu nisiowajua, picha za matumbo yaliyovimba vilevile kama ya perege wangu. Anafika penye wilaya yetu. Ukurasa mweupe.

"Madam," nasema, "lile daftari ni mimi."

"Najua. Mwandiko kama kuku kaparura."

Nataka kucheka. Anatazama ng'ambo, nami natazama. Bwawa la Mama Neema. Maji hayaonekani, ni matumbo meupe tu, na watoto wake wanaokota kwa ndoo.

"Yule aliyekuuzia," ananiuliza, "unamwitaje?"

Nalikumbuka neno nililosema mlangoni: muuaji. Ananiwekea jarida mikononi, zito kama mtoto mchanga.

"Sema kabla ya Jumamosi."

Nikashtuka. Mwanangu ananyonya, nje kumepambazuka. Hasira ilikuwepo palepale, ila sasa ilinigeukia mimi. Nikampigia Mama Neema, nikamwambia vifaranga asije kuchukua, samaki wangu wanakufa.

"We Zuhura! Wiki nzima unanichekea tu?"

Nilistahili. Kisha nikampigia Rehema, kwa namba aliyoniachia.

"Nilikudanganya, dada. Njoo leo, wapo wengine wanaelea sasa hivi. Na nilikozika nitakuonyesha, shimo kwa shimo. Andika wote. Ukimaliza hapa, twende kwa yule aliyeniuzia. Nitaanza mimi kusema wangu wamekufa, mbele yake. Halafu tuone kama atathubutu kunikazia macho na kuniambia wake wazima."