Kizibo cha Soda Mbele ya Sensa

Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi sinywi soda ya chupa, huwaambia daktari amenikataza sukari. Ni uongo. Chai yangu natia vijiko vitatu na hakuna daktari aliyewahi kunikataza kitu. Sipendi tu kusikia kizibo kikidondoka mezani.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda, njia ya kwenda Kabungu. Tajiri mmoja alikuja na mashine kuukuu kutoka ng'ambo, zikashushwa stesheni kutoka kwenye treni ya mizigo, na mji mzima ukaenda kuzishangaa. Pamba yenyewe ililimwa zaidi na Wasukuma waliohamia kwetu na ng'ombe wao. Sisi Wabende tuliwacheka kwanza, kisha tukaanza kuwaomba mbegu. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikaoa kwao.

Umeme nilijifunza kwenye karakana ya misheni Karema, ambako swichi ilikuwa swichi na waya ulikuwa waya. Mashine za tajiri zilikuwa na vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Kulikuwa na jicho, au tuseme macho mawili yanayotazamana: moja linatoa mwanga, la pili linaupokea, na pamba ikirundikana hadi kuukata ule mwanga, mashine inajua sanduku limejaa. Lile lilitusumbua kwa vumbi tu, na akina mama wa kufagia walilifuta kwa ncha ya kanga kila saa. Halafu kulikuwa na sensa. Hiyo ilikuwa kipande cha chuma kinene kama kidole gumba, chenye kichwa cha plastiki, kimefungwa kwenye fremu ya mashine ya kushindilia marobota. Ilitambua chuma kikiwa karibu, bila kukigusa. Mlango wa mashine ukifungwa, chuma chake kinaisogelea sensa, taa ya kijani inawaka kwa mwendeshaji aliyekaa upande wa pili. Mlango ukiwa wazi taa inazima, na hata ubonyeze kitufe mpaka kidole kife ganzi, lile shindilio halishuki.

Kitabu cha mashine kilikuwa cha lugha nisiyoijua, kwa hiyo nilijifunza kwa kutazama michoro na kujaribu. Nilipoielewa sensa nilivimba kichwa. Nilitembea pale kiwandani kama mimi ndiye niliyeitengeneza.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nilimwingiza kazini mimi. Ng'ombe wao walikuwa wamepukutika kwa ugonjwa, naye alikuwa na watoto wanne na mikono miwili mizuri. Akapewa kazi ya kufunga waya kwenye marobota. Kazi hiyo inataka mtu afungue mlango, aingize mikono ndani, apitishe waya, afunge mlango, robota lishindiliwe tena. Siku ya kwanza aliitazama mashine, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Shemeji, hii kitu itanikata."

"Haiwezi. Mlango ukiwa wazi yenyewe inakataa."

"Inajuaje kwamba uko wazi?"

Nikafungua mlango, nikatia mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, nikamwambia mwendeshaji abonyeze. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Nikamwambia shemeji naye atie wake. Akasita, akautia, mwendeshaji akabonyeza, na shemeji akacheka mpaka akakaa chini kwenye pamba.

"Kumbe inaona! Basi hii ina akili kuliko wale ng'ombe wetu."

Tangu siku hiyo hakuwa na hofu nayo hata chembe. Wengine walifunga waya kwa kuibia ibia, mmoja anachungulia mwendeshaji anafanya nini. Yeye alifanya kwa utulivu, kwa sababu fundi, mume wa dada yake, alikuwa ametia mkono wake kwanza.

Katikati ya msimu bawaba za mlango zikalegea. Mlango ukawa unafungwa lakini haufiki, unabaki na nafasi ya kidole hivi, na kwa sensa nafasi ya kidole ni mbali. Haikuona chuma. Taa haikuwaka, mashine ikagoma, na nje malori ya pamba yamepanga foleni hadi barabarani huku mawingu yanajikusanya. Nikamwambia tajiri mlango ung'olewe, bawaba zichomelewe upya. Siku mbili.

"Siku mbili?" akasema. "Fundi, unataka nifunge kiwanda kwa ajili ya kidude kama kalamu? Fikiria."

Akanitumia soda ili nifikirie vizuri. Nami nikafikiria, sikutakiwa kuambiwa mara mbili. Nikakitazama kile kizibo mkononi mwangu. Ni chuma. Nikakibandika kwenye kichwa cha sensa kwa tepu nyeusi, na taa ya kijani ikawaka. Mlango wazi, inawaka. Mlango umefungwa, inawaka. Sensa sasa iliona chuma wakati wote, na mashine ikaamini kwamba mlango umefungwa siku zote. Watu wakanipigia makofi. Tajiri akanishika bega na kusema ndiyo maana anapenda mafundi wa hapa hapa. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi, lakini nilifurahi sana.

Sikuwa mjinga kiasi cha kutojua nilichofanya. Niliwakusanya watu wa zamu zote mbili, nikawaambia: nyie, kuanzia leo msiamini taa. Anayefunga waya akimaliza apige kelele, "Nimefunga!" Mwendeshaji asibonyeze mpaka asikie. Na anayetaka kufungua apige kelele, "Nafungua!" Wote wakaitikia. Wote, isipokuwa shemeji yangu, ambaye siku hiyo alikuwa Kakese kumzika mama yake mdogo, mama aliyemlea yeye na mke wangu.

Kwa haki nilitakiwa nami niwe Kakese. Mkwe hakosi kwenye mazishi ya namna ile. Niliomba ruhusa, tajiri akasema fundi akiondoka nani atabaki na mashine, nami nikamtuma mke wangu peke yake na kilo tano za mchele. Wakwe zangu walinisema, na walikuwa na haki.

Siku ya tano shemeji akarudi kazini, kichwa kimenyolewa. Nilimwona akiingia getini na nikamfuata. Naapa nilikuwa na habari ya kizibo mdomoni. Lakini mtu ametoka kuzika, huwezi kumwanzia mambo ya mashine, na hasa wewe mkwe ambaye hukuonekana.

"Shemeji, pole sana na msiba."

"Tumeshapoa. Ni mipango ya Mungu."

"Nisamehe sikufika. Tajiri alikataa kabisa, nilimwomba hadi nikachoka."

"Najua, dada alisema."

"Na wazee? Hawakukasirika sana?"

"Walinung'unika kidogo. Yatakwisha."

Nikaendelea kujieleza. Nikamweleza nilivyoomba asubuhi, nikaomba tena mchana, nikamweleza malori, nikamweleza mvua. Nilitaka anisafishe mbele ya wakwe, na dakika zote tulizokuwa nazo nikazila kwa kujitetea. King'ora cha zamu kikalia. Akakimbilia mashine yake na mimi nikaenda kwenye jenereta, nikijiambia msimamizi wa zamu atamwambia. Msimamizi, baadaye, alisema alidhani nimeshamwambia mimi, maana aliona tukiongea muda mrefu.

Haikufika saa sita mchana. Waya ulikwama kwenye robota, shemeji akafungua mlango ili auvute. Hakupiga kelele, kwa nini apige? Kwake yeye mlango ulio wazi ulikuwa ulinzi tosha. Mwendeshaji aliona taa ya kijani na alikuwa ameshasikia "Nimefunga!" ya mtu aliyekuwa akifunga mfuniko wa mashine ya kuchambua, pale jirani. Akabonyeza.

Sitaeleza mkono ulivyokuwa. Hospitalini waliuondoa juu kidogo ya kifundo, ule wa kulia.

Tukaambiwa mkaguzi anakuja kutoka mkoani, Sumbawanga. Tajiri akaniita pembeni, hakufoka hata kidogo. "Fundi, toa ule uchafu wako pale." Wangu! Nikautoa. Mchomeleaji akaletwa, mlango ukang'olewa, bawaba zikatengenezwa, na kazi ile iliyokuwa haina nafasi ya siku mbili ikaisha mchana mmoja. Mkaguzi alipofika alifungua mlango, taa ikazima. Akafunga, ikawaka. Akarudia mara nyingi, mtu wa watu, jasho linamtoka, akaniuliza kama mashine imewahi kufanya vingine. Tajiri alikuwa amesimama nyuma yake. Msimamizi alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikasema, "Haijawahi."

Akaandika uzembe wa mfanyakazi, nami nikatia sahihi kama fundi. Hakuna aliyenishikia kisu. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa polisi, na kuliko vyote niliogopa uso wa mke wangu. Miaka ile ile kiwanda kilifungwa, tajiri akaondoka na mashine zake, kwa hiyo hata hiyo kazi niliyoilinda haikudumu. Mke wangu sijamwambia hadi leo.

Miezi michache baada ya shemeji kutoka hospitali nilikwenda kwake. Nilikwenda kusema. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta anajifunza kupalilia kwa mkono mmoja, jembe amelikaza chini ya kwapa, na mkewe amejifanya hamtazami. Akaniletea kigoda yeye mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Shemeji, nimekuwa nataka kukuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Nilikuaibisha kule kazini. Uliniombea kazi, ukanifundisha, mpaka ukatia mkono wako mwenyewe nione. Mimi kila nikikumbuka naona mlango ulikuwa wazi. Lakini mkaguzi amepima, na wewe umesema mashine ni nzima. Basi nilikuwa nimeurudisha mlango bila kujua. Nilikuwa na mawazo ya msiba."

Hapo ndipo pa kusema palikuwa. Alikuwa ameniwekea mahali tayari, nilitakiwa kuketi tu. Alikuwa ameanza kutilia shaka macho yake mwenyewe ili mimi nibaki mkweli.

"Yamepita, shemeji," nikamwambia.

Akafurahi. Aliona nimemsamehe. Nilipoaga akanisindikiza hadi njiani, akanipa mkono wa kushoto, kisha akainamisha kichwa, kwa kuwa kwao na kwetu mkwe hapewi mkono huo.

"Samahani kwa huu wa kushoto," akasema.

Mpaka leo tukikutana hunipa huo huo, na kila mara huniomba radhi. Nami kila mara huushika, na kumwambia haina neno.