Uji wa Jovita

Yuliana alizaliwa Kalinzi, huko juu kwenye kahawa na maharage, akaolewa chini ziwani, mahali ambapo dagaa hawakwepeki. Wanaanikwa mchangani, wanajazwa kwenye magunia, wanapikwa mchana na jioni, na wasipopikwa basi wanazungumzwa. Na dagaa hao walikuwa wanaweza kumuua Yuliana. Sitanii. Alipokuwa msichana alikula dagaa kwenye msiba wa shangazi yake; midomo ikavimba, koo likabana, akalazwa chini ya mgomba akitafuta pumzi huku watu wakianza kunong'onezana habari za msiba wa pili. Siku hizi wataalamu wanauita mzio. Wakati ule haukuwa na jina, na ugonjwa usio na jina watu huwa hawakosi wa kumsingizia.

Ndiyo maana alipoolewa na Kalisti, mvuvi wa karibu na Kibirizi, Yuliana alidanganya. "Dagaa ni umuziro wa kwetu, mama," alimwambia mama mkwe wake, Melania, siku ya kwanza alipoandaliwa chakula. Yaani ukoo wao umekatazwa dagaa tangu enzi za mababu. Pale ziwani ukikataa chakula cha mwenyeji umemwambia kwamba amekutilia sumu. Lakini mwiko wa ukoo kila mtu anauheshimu, hata walevi. Melania, mwanamke mrefu ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, alimtazama kitambo, akaondoa bakuli, akarudi na maharage.

Mwingine angeshukuru. Yuliana hakuwa na nafasi ya kushukuru, alikuwa na hofu. Alinusa kila sufuria. Alisuuza sahani zilizokwisha kusuuzwa. Mwezi wa kwanza wa ndoa aliamka jicho limefumba na shingo imejaa mapele, kwa sababu tu Kalisti alitoka ziwani akamkumbatia. Akasema ni viwavi, nao wakamwachia viwavi wake. Baada ya hapo Kalisti akaanza kuoga ziwani na kujisugua ndimu kabla ya kuingia ndani, na Yuliana akadhani ni maringo ya mwanamume aliyeoa karibuni.

Kilichomkaa rohoni ni kwamba Melania hakuwahi kula naye bakuli moja. Wakwe wengine walichovya pamoja na mama wakwe zao, wakisengenya hadi ugali upoe. Yeye alipakuliwa peke yake, mapema, chakula chake kikiwa kimepikwa kabla ya cha wengine, kisha Melania akaenda zake kula kwa jirani. Hata dagaa wake Melania hakuwaanika tena uani; aliwapeleka mbali, kando ya maji. Yuliana akaelewa alivyoelewa: mama huyu hanitaki, na anaogopa nisiiguse mali yake.

Kisha akazaliwa Jovita, na ule uongo ukamgeukia mwenyewe. Mwiko unafuata upande wa baba. Jovita alikuwa mtoto wa wavuvi, hana umuziro wowote, na ukoo mzima ulikuwa unasubiri aonje dagaa. Yuliana akawa na visingizio kila siku: mara tumbo, mara meno, mara homa ambayo hakuna mwingine aliyeigusa. Usiku na mchana alikuwa akijiuliza swali moja tu. Je, mtoto amerithi koo langu?

Mwaka wa sabini na nne wakahamishiwa kijiji kipya, na kijiji kikafungua shamba la muhogo. Feliksi, balozi wa nyumba kumi, akapita mlango kwa mlango kutangaza utaratibu. Kina mama wote watalima. Watoto watabaki na bibi zao na kunywa uji wa chungu kimoja, uji wenye dagaa waliosagwa ndani, kama alivyoelekeza mama mmoja wa lishe kutoka mjini. Na mpishi atakuwa Melania.

"Jovita bado mdogo," Yuliana alijaribu.

"Wadogo ndio hasa wanaotakiwa," alisema Feliksi. "Au wa kwako ana kijiji chake?"

Watu wakacheka. Yuliana naye akacheka.

Jumatatu asubuhi alimshindilia mtoto ndizi na maziwa mpaka akacheua, akitumaini kwamba aliyeshiba hanywi uji. Akamkabidhi kwa Melania, akafungua mdomo aseme, akaufunga. Angesema nini? Kwamba miaka yote hii alidanganya kwa jina la mababu? Au aseme kweli, watu waseme mke wa Kalisti amerogwa, na mtoto wake vilevile? Akachukua jembe akaondoka.

Shambani hakulima, alikuwa anakwaruza tu. Kila mtoto aliyelia kule bondeni alikuwa Jovita. Alipoona moshi umepungua akajua uji umeiva. Akilini akamwona mwanawe chini ya mgomba, anatafuta pumzi. Akatupa jembe, akakimbia.

"We mama Jovita! Kazi ya kijiji hiyo!" Feliksi alipiga kelele. Yuliana hakugeuka.

Alifika akihema. Watoto walikuwa wamekaa mkekani, nyuso zimepakaa uji, na Jovita katikati yao, naye amepakaa mpaka masikioni. Yuliana alimnyakua, akampanua mdomo, akamtazama ulimi.

"Mama, umempa? Umempa dagaa? Mimi nilidanganya, mama. Hatuna umuziro. Dagaa hunivimbisha, hunikaba koo, na huyu naye..."

"Shusha sauti, utawatisha watoto," alisema Melania. Akamwonyesha kwa kidole kisufuria kidogo kilichokuwa kando, kwenye mafiga yake, na kata yake. "Wa kwake nimeuchemsha kwanza, kabla sijagusa dagaa. Kama ninavyofanya cha kwako."

Yuliana akainamia kile kisufuria, akakinusa.

"Umuziro naujua mimi," Melania aliendelea. "Mtu hauvunji akiwa usingizini akaamka jicho limefumba. Viwavi! Kiangazi kile, viwavi wa wapi? Nikamwambia mume wako, akitoka ziwani aoge na ndimu au alale kwenye mtumbwi. Mimi mikono yangu imeshika dagaa tangu utotoni, nitachovyaje bakuli moja na wewe? Nikuue?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulishachagua la kusema. Ningekuumbua ili nipate nini?"

Yuliana akakaa chini pale pale kwenye vumbi, mtoto mapajani, akalia. Alilia kwa aibu, na kwa shukrani iliyochelewa mno. Hofu haikwisha, maana kuhusu koo la Jovita bado hakuna aliyejua.

"Siku moja tutamgusisha mdomoni kidogo tu," alisema Melania, "ukiwa umemshika mwenyewe. Akivimba, basi tutakuwa na sufuria tatu: ya watu, yako na yake."

Feliksi akatokea, jembe la Yuliana begani, uso umekunjamana.

"Nimemwita mimi," Melania alimwahi. "Na wewe umefuata nini kwenye uji wa watoto? Una njaa?" Feliksi akaweka jembe chini akarudi alikotoka.

Melania akachota jivu, akakamua ndimu, akajisugua mikono hadi kwenye viwiko, akasuuza, akarudia tena. Akamimina uji uliobaki wa Jovita kwenye bakuli, akaweka kipande cha kiazi, akamega, akachovya, akala kwanza yeye. Kisha akamnyooshea Yuliana vidole vyake vilivyolowa.

"Nusa."

Yuliana alikuwa amenusa kila kitu cha nyumba ile. Safari hii akashika ule mkono, akaushusha taratibu, akamega kiazi akachovya bakuli lile lile.

"Murakoze, mama," alimshukuru kwa lugha ya kwao Kalinzi.

"Kula," alisema Melania. "Muhogo unakusubiri."