Masomo Manne Yamenishinda, na Baba Ameshaanza Kuniita Daktari

Habari za humu ndani. Naomba mnifichie jina, maana ndugu zangu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, nyumbani ni Handeni, nasoma kidato cha tano shule ya bweni Korogwe. Sasa hivi nipo likizo, natumia simu ya mama.

Nilipangiwa Fizikia, Kemia na Biolojia, lakini moyo wangu uko kwenye Hesabu tangu shule ya msingi. Nikamwomba mwalimu wa taaluma niiongeze iwe somo la nne. Akacheka. "Wenzako matatu tu yanawatoa jasho." Nikang'ang'ania mpaka akakubali kunijaribu muhula mmoja. Baba nilipomwambia alifurahi mno: "Ongeza mwanangu, utakuwa daktari wa aina yake!"

Basi vipindi vikaanza kugongana. Wenzangu wakiwa maabara ya Biolojia, mimi nipo kwenye Hesabu. Nikawa nakula huku nanakili, nasoma hili nawaza lile. Matokeo yalipotoka, Hesabu nimeongoza darasa, Biolojia nimepata F. Mwalimu akaniita. "Akili unayo, lakini kichwa ni kimoja. Shule ikifunguliwa uje uniambie unaacha Hesabu au Biolojia."

Nyumbani sijasema kitu. Baba ni mkulima, na mtaa mzima ameshautangazia kuwa anasomesha daktari. Juzi alikuja bibi jirani yetu, mguu umevimba na una kidonda. Baba akamwambia, "Ngoja daktari wetu autazame." Bibi wa watu akaniwekea mguu mapajani! Nikamwambia, "Bibi, mimi bado sijui kitu, twende hospitali." Nikamsindikiza. Muuguzi alipoanza kusafisha kile kidonda, nilijikuta natazama ukutani. Damu siiogopi. Ila niliona wazi kabisa kwamba maisha haya siyataki.

Nikamweleza mama. Akashusha pumzi, akasema, "Usimwambie baba yako sasa. Nenda shule kwanza, utampigia ukiwa huko." Sikuridhika. Jana asubuhi nikajikaza: "Baba, kuhusu Biolojia..." Akadakia, "Imekuwaje, daktari?" Nikasema ni ngumu kidogo. "Hiyo ngumu ndiyo yako," akanijibu, akachukua jembe akaenda zake shambani anapiga mluzi.

Tangu hapo situlii. Nafagia uwanja ambao nimeshaufagia, naweka sufuria jikoni nasahau nilitaka kupika nini. Jumatatu narudi Korogwe na mwalimu anasubiri jibu. Somo la kuacha ninalijua. Nisichokijua ni baba ataupokeaje ukweli huu.

Mliopitia haya, nishikeni mkono. Nimwambie uso kwa uso kabla sijaondoka, au nifuate ushauri wa mama? Na nyie akina baba mnaosoma hapa, binti yako angekuwa mimi, ungetaka akuambieje?