Mwenye Namba Mia Tano

Miaka ile ya vita, umeme wetu Rumonge ulikuwa unakuja alasiri, ukipenda. Ukija, mama aliacha chochote alichokuwa nacho mkononi, hata kama mawese yalikuwa yanachemka jikoni, akaenda kuwasha kompyuta ya kaka yangu. Hakujua kuitumia. Alibonyeza tu kile kitufe, akakaa kwenye kiti mpaka litokee jina la mwanawe na chini yake nafasi ya neno la siri, na kijimstari kikiwaka na kuzimika, kikisubiri mwenyewe aandike. "Amahoro, mwanangu," mama alikisalimia kile kioo kwa Kirundi. Nilikuwa naogopa kupita chumba kile, na nasema wazi, nilikuwa nakichukia vilevile.

Kaka alikuwa ametoka Bujumbura kwa basi dogo ambalo halikufika. Lilisimamishwa njiani, kabla ya Minago, likachomwa moto. Mvuvi aliyeona kutoka ziwani alisema hakuna aliyeshuka. Lakini mwili wa kaka haukutambulika, na mama akashikilia hapohapo: hakuna maiti, hakuna matanga. Mwaka wa pili ukaingia. Aliyeumia zaidi alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Bila mama kukubali, hakuweza kukaa eda, ile miezi minne na siku kumi za mjane, na bila eda hakuweza kurudi kwao wala kuanza maisha mengine. Alikuwa anafua na kupiga pasi mashati ambayo hayakuvaliwa na mtu.

Basi ile Linux aliyoiweka kaka kuendesha kompyuta ikaanza kugoma. Siku moja ilitapika mistari ya makosa, na jina halikutoka. Mama alinijia mbio.

"Tengeneza mashini ya kaka yako. Leo."

Mwalimu mmoja jirani yetu alinipa sidii ya Linux ya aina nyingine. Kazi yenyewe haikunitisha, maana kaka, pamoja na majivuno yake yote, alikuwa amenifundisha: faili za mtu zikae kwenye sehemu yake peke yake ndani ya diski, na ukibadilisha mfumo, sehemu hiyo usiiguse. Sikuigusa. Niliweka mfumo mpya, ukaniuliza jina la mtumiaji, nikaandika langu bila kufikiri. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu.

Ilipowaka, mama na wifi walikuwa nyuma yangu. Lilitokea jina langu peke yake.

"Kaka yako iko wapi?" mama akauliza.

Nikafungua sehemu yake upesi ili nimtulize. Faili zote zilikuwepo, barua na picha. Lakini pale panapoandikwa jina la mwenye faili, hapakuwa na jina. Kila mstari, kutoka juu mpaka chini, namba tu: mia tano, mia tano, mia tano. Nilijaribu kufungua barua moja, ikakataa, eti sina ruhusa.

"Mia tano ni nani?" mama akauliza.

Nilimweleza mama nilivyoweza. Linux humjua mtu kwa namba. Jina huandikwa pembeni. Ile ya zamani ilianza kuhesabu watu kwenye mia tano, hii mpya inaanzia elfu moja. Kwa hiyo faili zina mwenyewe, ila humu hakuna tena anayemjua.

Wifi hakuwa mtu wa maneno katika nyumba ile. "Na mimi niko vilevile, mama," akasema. "Niko wa mutu, lakini ule mutu haiko."

Mama alijifanya hakusikia. "Muandike tena," akaniambia. "Umurudishe."

Ilikuwa inawezekana, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikaandika jina la kaka, nikampa namba yake. Hapo nikahisi mtu amesogea karibu na bega langu. Nikageuka: wale wawili hawakuwa wameondoka walipokuwa wamesimama. Nje soko lilikuwa limenyamaza. Siku hizo watu walifunga mapema wakisikia milio kutoka milimani. Kompyuta ikauliza swali jingine.

"Inauliza nini tena?"

"Neno lake la siri."

"Si uliandike."

"Silijui, mama. Alilijua yeye tu. Inataka nimpe jipya. Nikimpa mimi, atakayekuwa anaingia humu kwa jina lake ni mimi, si yeye."

Mama alinitazama kwa hasira, akageuka, akaenda mlangoni. Akamwita kaka. Kwa sauti ileile ya kumwita aje kula, alitaja jina lake, akangoja, akaita mara ya pili. Na sisi wawili, Mungu anisamehe, tulikuwa tumetega masikio tusikie hatua uani. Ua lilikuwa jeupe kwa jua, na hata kuku hawakutikisika.

Aliporudi hakuangalia kioo. Alimshika wifi mkono.

"Kaa eda, mwanangu," alisema. "Nimemuita, hakuitika."