Yusta wa Mgwashi na Kikombe Alichokipita

Yusta, binti wa wakulima wa mboga, alizaliwa Mgwashi mwaka 1968, akabatizwa kabla hajajua kukaa. Mama yake alikuwa mpika boha, ile pombe ya miwa ambayo huku milimani harusi haiendi bila yake, na mpishi huonja kabla mgeni hajamiminiwa. Yusta alirithi kinu cha kukamulia miwa, akarithi na kuonja. Aliolewa juu ya Mlalo, katika mtaa mdogo wa kanisa tusiopenda kuutaja, akaimba kwaya kwa sauti ya kuwaamsha waliosinzia. Kuonja kwake kulizidi kurefuka na hakuna aliyesema neno, maana alikuwa kazini, basi. Mwaka 2012, siku ya harusi ya binti yake Happiness, alianguka chali mbele ya wakwe, kata ya boha mkononi. Watu wakapigwa na butwaa kana kwamba walikuwa hawajui. Jumapili iliyofuata Mwinjilisti Kristofa, kiongozi wa mtaa ule, alilisoma jina lake mbele ya wote: ametengwa na Meza ya Bwana.

Wito wake haukuja kwa maono. Ulikuja sokoni Mlalo, kinywani mwa Fatuma muuza karoti, Mwislamu, ambaye mumewe Sharifu alikuwa ameacha pombe hata watu wakadhani amerogwa. "Dada, kuna watu wanakutana Lushoto kila Alhamisi, nyuma ya kwa fundi cherehani. Ni walevi watupu, lakini hawanywi. Nenda." Yusta alicheka, kisha akaenda. Mara ya kwanza alisikia vicheko ndani akageuza, maana walevi wanaocheka alishawajua. Mara ya pili alikuta kufuli. Wenyewe walikuwa msibani. Mwingine angesema Mungu hataki. Yusta alirudi tena, mikono ikimtetemeka, akasukuma mlango, na aliyeinuka kumkaribisha alikuwa Mwinjilisti Kristofa.

Alitaka kukimbia. Kinywa chake, kwa mazoea tu, kikasema, "Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, Mama Happiness," akajibu yule mzee, amenywea. "Humu ndani naitwa Kristofa. Ni mlevi. Sijanywa tangu Pasaka, na kanisani hajui mtu."

Hasira ilimpanda Yusta. Kumbe aliyelisoma jina lake alikuwa mgonjwa mwenzake! Kisha akaiona mikono ya Kristofa, nayo inatetemeka. Akaketi. Wakamwambia sharti moja la chumba kile: anayekuja hatajwi nje.

Alikoma kunywa. Kinu alikipasua kuni. Siku ya kurudi kundini alipiga magoti akapokea mkate, na divai ilipomfikia akafunga mdomo, akatikisa kichwa. Kanisa zima liliona. Kristofa mwenyewe alikuwa akikigusa kikombe kwa midomo bila kumeza, ila Yusta hakujua kuigiza. Na katika mtaa ule anayekipita kikombe huhesabiwa ana dhambi aliyoificha; maana nyingine hawakuijua. Baraza la wazee likamwita. Akaeleza wazi kwamba tone moja litamrudisha alikotoka. "Nani amekufundisha kuiogopa damu ya Bwana?" aliuliza mzee Alen. "Wataje wenzako, tukuamini."

Kristofa alikuwa ameketi pale pale, macho chini. Neno moja la Yusta lingemrudisha yeye Mezani na kumtoa mwingine kazini.

"Wenzangu siwataji," alisema. "Kama ni kunitenga, nitengeni."

Wakamtenga. Na aliyelisoma jina lake mara ya pili, Mungu atuhurumie, alikuwa Kristofa yule yule. 

Alhamisi ilipofika, Yusta alimfuata Kristofa nyumbani kwake. Alimkuta uani na chupa ambayo alikuwa bado hajaifungua. Hakumgombeza. "Mwinjilisti," alisema, "gari linaondoka. Twende." Wakaenda. Ikawa hivyo kwa miaka, huku Jumapili Yusta akikaa benchi la nyuma, akiimba.

Alifariki mwaka 2021 kwa homa ya mapafu, bado ametengwa, na aliyetengwa pale huzikwa bila kengele wala mchungaji. Jeneza lilikuwa uani, Happiness akilia kwamba mama yake anazikwa kama mtu asiye na kwao. Ndipo Kristofa akasimama.

"Naitwa Kristofa. Ni mlevi. Mama huyu alitengwa ili mimi nisijulikane, na mimi nilikubali."

 Kutoka walikosimama majirani Waislamu sauti ikasema, "Naitwa Sharifu. Ni mlevi." Kisha kwenye viti vya wazee wenyewe akainuka mtu, akivua kofia. "Naitwa Alen," alisema, na kumaliza akashindwa.

Wapo wanaosimulia kwamba kengele ililia yenyewe siku ile. Haikulia yenyewe. Kristofa aliipiga, na hakuna aliyemzuia.

Kristofa alivuliwa uinjilisti. Sasa analima viazi, na kila Alhamisi ndiye anayefungua mlango kule Lushoto, Alen akipanga viti. Mezani pa mtaa ule kipo kikombe cha pili, cha maji ya zabibu yasiyochacha. Anayetaka kumwiga Yusta asingoje maono. Aende kwa yule aliyelisoma jina lake, asimame uani pake, amwambie gari linaondoka.